Nilivyojifanya Kungwi

Mtoto aliletwa kwangu Dunda akiwa na begi la shule, ndoo ya embe mbichi na bibi yake mzaa mama. Embe zilikuwa zawadi yangu. Bibi alikuja kukagua.

Alianza na choo, akaenda jikoni, akafunua mtungi na kunusa maji. Chumbani kwangu alisimama mbele ya rafu ya vitabu, mikono kiunoni.

"Hivi vyote umesoma?"

"Vingi, bibi."

"Na humo ndani hakukuwa na mume?"

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa anauliza kweli.

Nieleze tulivyofika hapo. Baba wa mtoto ni mtoto wa baba yangu mdogo. Yuko Mtwara, ana mke mwingine, watoto wengine, na simu inayoishiwa chaji kila tunapoihitaji. Mama wa mtoto alifariki. Bibi huyu, anayeishi Zinga, akamlea mjukuu wake mpaka magoti yakakataa safari za shamba. Ukoo ukakaa kikao. Mzee aliyekiendesha alipouliza nani atamchukua mtoto, watu wote waliinama wakatazama mkeka. Mimi nilikuwa nawatazama watu. Ni mazoea ya kazi: nimekusanya habari Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kurudi kwenye nyumba aliyoniachia baba, na katika mkutano wowote huwa natazama nyuso. Macho yangu yakakutana na ya mzee. Ndivyo nilivyokuwa mlezi.

Siku ile ya ukaguzi, bibi alipomaliza kuzunguka nyumba, alikaa barazani akanipa masharti yake. Mtoto alikuwa na miaka tisa na alikuwa amekaa palepale, akisikia kila neno.

"Nakuachia mpaka akue. Mtoto mdogo hata shangazi anaweza kumlea, ni kula na kulala na kwenda chuoni kusoma Kurani. Msichana mzima anataka nyumba yenye mama. Siku akikua nitakuja kutazama. Nikikuta mama, nitamwacha. Nikikuta shangazi, nitaondoka naye."

"Nitakuwa mama yake, bibi."

"Hayo hayasemwi," alijibu. "Tutayaona."

Mtu mwenye akili timamu angeuliza palepale kitu gani hasa kitatazamwa. Mimi, ambaye maisha yangu yote yamekuwa maswali, sikuuliza. Niliona sharti jepesi. Nilidhani litahusu uzito wa mtoto na matokeo ya mtihani.

Nikalea kwa bidii ambayo ilichosha mtaa. Nilimsuka nywele mara moja, na alipotoka chuoni jioni ile alipitia moja kwa moja kwa jirani yetu wa nyumba ya pili ili zifumuliwe. Kwenye mkutano wa wazazi nilimhoji mwalimu mkuu kuhusu tangi la maji mpaka baba mmoja akasimama akaomba, kwa heshima zote, tuende tukaswali. Kila jioni nilimkalisha mtoto mezani.

"Leo umejisikiaje?"

"Vizuri, shangazi."

"Vizuri kivipi? Nipe mfano."

Baada ya mwaka mmoja alikuwa amejifunza kujibu kama msemaji wa wizara. Nikimuuliza kwa nini amenuna, ananiambia suala hilo analifanyia kazi. Nilijivunia sana. Nilidhani tunazungumza.

Hivyo ndivyo miaka ilivyopita, mpaka likizo fupi moja, yeye akiwa darasa la sita.

Nilianza kuona mambo. Siku ya kufua nyumbani kwetu ni Jumamosi, lakini Alhamisi asubuhi nilikuta shuka lake limeanikwa nyuma ya nyumba, mahali ambapo hata jua halifiki. Sabuni ya kufulia ilikuwa imepungua kwa kiasi cha kushangaza. Alikuwa amevaa baibui langu la zamani ndani ya nyumba, kwenye joto lile, na alikuwa anatembea kwa kuambaa ukuta kama mtu aliye kwenye nyumba ya kuazima. Niliweka vielelezo vyangu sawasawa, nikavipanga, nikafikia hitimisho: mtoto amevunja ungo. Na hakuna aliyeniambia. Nimegundua mwenyewe!

Ningeweza kuishia hapo, nikanyamaza, nikachemsha chai. Badala yake nikamwita sebuleni.

Nilijiandaa. Nilichana ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, nikachora upande mweupe mchoro wa viungo vya ndani vya mwanamke, kwa kalamu ya wino mwekundu na ya bluu. Nikaubandika ukutani. Nikamweleza mwili unavyobadilika na kwa nini, nikamweleza hesabu ya siku, nikamweleza usafi, pedi zinawekwa wapi na zinatupwa vipi. Nilisema kwa sauti ya wazi, bila mafumbo, maana niliamini kwamba mafumbo ndiyo yaliyotuchelewesha sisi wa pwani. Nilikuwa najisikia kama taifa linanisikiliza. Yeye alikaa ukingoni mwa kochi, macho sakafuni, na uso wake ukawa unajifunga kidogo kidogo kama duka wakati wa adhana.

Katika kazi yangu, kimya baada ya maelezo huwa na maana mbili: ama umeeleweka sana, ama watu wanangojea chakula.

"Una swali?"

"Moja tu." Alikuwa bado anatazama sakafu. "Kwa hiyo wewe ni shangazi?"

"Ndiyo, mimi ni shangazi yako. Na nakupenda kama…"

"Basi. Nilitaka kujua tu."

Akainuka akaenda chumbani. Mimi nikaona mambo yamekwenda vizuri. Nikampigia simu bibi wa Zinga, kwa haraka ya mtu anayetaka habari itoke kwake kwanza.

"Bibi, mjukuu wako amekua. Na wala usihangaike, nimeshamweleza yote mwenyewe."

Nilisikia kuku wake.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa mdomo wako?"

"Na mchoro juu yake!"

"Nakuja kesho," akasema, akakata.

Nikadhani anakuja kunipongeza. Nikaanza kuwaza nimnunulie samaki gani.

Baada ya alasiri jirani yule aliyefumua nywele alibisha hodi. Huyu ni mjane mzaliwa wa mji wa kale, mwanamke mwenye kucheka kwa bega moja. Siku ile alikuwa amejitanda kanga mpya, ananukia udi, na mkononi ana sahani ya kaimati iliyofunikwa. Alikaa. Akaniuliza hali, nikamjibu. Akaniuliza hali tena. Akazungumza joto, akazungumza nazi zilivyoadimika, akasifu ukuta wangu ambao haukuwa na cha kusifiwa, kisha akakohoa.

"Shoga, nimetumwa. Ua limechanua nyumbani kwako."

"Aa, hilo! Najua. Nimeshamfundisha tangu mchana."

Sahani alikuwa ameiweka tayari, vinginevyo ingevunjika.

"Umemfundisha nani?"

"Mtoto. Nimemweleza yote. Mchoro ule pale."

Aliutazama mchoro, akanitazama mimi, akavua kanga ya kichwani kama mtu aliyesikia msiba.

"Mwenzangu, umemfukuza mtoto."

Akanieleza polepole, kama anayemsomea mgonjwa. Mtoto wa kike hamwambii mama yake jambo lile, na mama hamwambii mtoto. Mtoto humwendea mtu wa kando. Mtu yule huvaa vizuri akampelekea mama habari. Mama hushtuka, hutoa machozi mawili, hutafuta kungwi wa kumfunda mwanawe. Yeye mwenyewe hukaa mbali na haulizi. Shangazi anaweza kukaa na msichana akamwambia mambo waziwazi, si vibaya, wengi wamefundwa na mashangazi. Mama hawezi. Wana haya wao kwa wao, na haya ile ndiyo inayomjulisha mtoto kwamba huyu ni mama.

Na nilijua! Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Nilizaliwa kwenye nyumba hiyohiyo. Mama yangu alinyamaza kwangu kwa namna hiyohiyo, wiki nzima, akipika vitu nivipendavyo. Niliwahi hata kuandika makala ndefu kuhusu kufundwa kwa mwari hapa pwani, yenye aya nzuri juu ya ukimya wa mama. Mhariri aliikata akasema haina habari ndani yake, na nadhani siku ile niliikata kichwani pia.

"Asubuhi alikuja kwangu," jirani akaendelea. "Amesimama mlangoni, hataki kuingia. Akaniambia, kamwambie mama. Nikamuuliza, mama yupi? Akaniangalia kama nimepotewa na akili. Akasema, si yule wa hapo kwetu?"

Nikafunua kaimati, nikazifunika tena.

"Miaka yote hii anakuita shangazi," alisema jirani. "Leo amenituma kwa mama. Na mimi mjinga nikasema ngoja niende alasiri, nipake hina kwanza, nikaange na kaimati, niende kwa adabu. Wewe hukuweza kungoja alasiri?"

Nilitaka kwenda kumweleza mtoto kwamba nimekosea. Nilikuwa nimeshainuka. Jirani akanishika mkono.

"Unakwenda kusema nini?"

"Kumwomba radhi."

"Utaongea tena?"

Nikakaa. Baadaye nilipita mlangoni kwake. Alikuwa amefungua begi na alikuwa anakunja nguo, zile za kuvaa nyumbani chini, sare ya chuoni juu. Sare za shule hakuzigusa, zilikuwa bado kwenye tenga la nguo chafu. Msichana anayehesabu kwamba Jumatatu hataingia shule ya hapa hana haja nazo.

"Unafanya nini?"

"Napanga. Si bibi anakuja kesho?"

"Umekula?"

"Nimekula."

Hayo tu. Ndiyo mahojiano mafupi kuliko yote niliyowahi kufanya.

Bibi alifika asubuhi kwa bodaboda, amekaa upande, mkongojo mapajani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa kichwa kilichogeuka. Alikataa kiti. Akatandikiwa mkeka uani, akamwita jirani, akaniita mimi, akamkalisha mtoto karibu yake.

"Nilisema nitakuja kutazama," alianza. "Nimetazama. Mtoto amenenepa, ngozi nzuri, na dada mkuu wa chuo amenisifia usomaji wake nilipomsalimia hapo njiani. Sina lawama. Lakini wewe mtangazaji umekaa na mwari ukamfunda kwa kinywa chako. Basi wewe ni kungwi wake, na kungwi ni mtu wa heshima, tutakushukuru. Mama yake katika nyumba hii ni nani?"

"Ni huyuhuyu, bibi," jirani alisema. "Mtoto mwenyewe amenituma kwake."

"Alikutuma asubuhi. Mchana, huyu akajitoa umama. Viti viwili mtu mmoja hakai, atapasuka."

"Hakujua, bibi."

"Hakujua? Amezaliwa Ulaya?"

Nilitaka kujitetea na nilikuwa na hoja kama tano, zote nzuri. Nilizimeza. Bibi akamgeukia mjukuu.

"Haya. Alikufundisha nini?"

Mtoto alicheza na uzi wa mkeka. Halafu akasema, kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka, "Sikuelewa, bibi."

"Hukuelewa kipi?"

"Vyote. Alichora kichwa cha mbuzi."

"Cha nini?"

"Cha mbuzi. Kina pembe zimeinama huku na huku. Akasema mbuzi huyo ndiye anayehesabu mwezi. Akasema pedi inafuliwa ikauke kivulini, na shuka linatupwa. Nikawa nawaza mambo yangu."

"Leteni huo mchoro," bibi alisema.

Nikauleta mwenyewe. Bibi akauinua, akausogeza mbali na macho, akaugeuza juu chini, akaugeuza tena.

"Huyu ni beberu au jike?"

Jirani akainama, bega moja likaanza kutikisika. Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Kila alichokisema kilikuwa kimepinduliwa barabara, hakuna hata kimoja kilichobaki sahihi kwa bahati mbaya. Mtu ambaye hakuelewa angepatia hapa na pale. Kuharibu somo zima namna ile, lazima uwe umelishika lote. Alikaa uso mkavu, na uzi wa mkeka alikuwa ameuzungusha kidoleni mpaka kidole kimekuwa cheusi.

"Mtangazaji," bibi akaniita. "Sema sasa. Ulimfundisha, au hukumfundisha?"

Ningependa kusema kwamba sikusita. Nilisita. Ule mchoro nilikuwa nimeufanya vizuri, na maelezo yangu yalikuwa na mpangilio. Maisha yangu yote nimepigana na wahariri waliotaka niseme kilichotokea hakikutokea. Mtoto akaacha kuzungusha uzi.

"Sikumfundisha kitu, bibi. Nilikuwa napiga porojo tu."

"Porojo."

"Ndiyo. Hata mimi sikujielewa."

"Nilijua," alisema bibi, na nadhani hiyo ndiyo sehemu iliyomfurahisha kuliko zote. "Mtu hawezi kufundisha kwa mbuzi. Basi mwari hajafundwa. Jirani, utamfunda wewe, mimi nitakaa nawe. Siku tatu zinatosha siku hizi, shule zao hazingoji. Na wewe," akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu afike, "jikoni."

Nikaenda jikoni. Siku tatu chumba kile kilikuwa na mlango uliofungwa na pazia juu yake. Wanawake wa mtaa walikuwa wanaingia na vyano vya chakula, wengine siwajui hata kwa sura, na wote walijua zaidi yangu kinachoendelea nyumbani kwangu. Nimewahi kukaa Mbegani siku nzima nikimngojea mkubwa mmoja atoke kwenye kikao cha wavuvi anipe sentensi mbili, na sikuwahi kujisikia niko nje kama siku zile. Nilipeleka chai. Nilipeleka uji ambao hakuna aliyeuomba. Nilikumbuka kwamba sukari huenda haitoshi. Kila mara mkono wa bibi ulitoka kwenye pazia kabla sijafika.

"Weka hapo. Rudi."

Walipiga ndoo badala ya ngoma, wakaimba kwa sauti ya chini, kisha wakaangua kicheko kikubwa mpaka kuku wa uani wakatawanyika. Nilisikia pia kicheko cha mtoto katikati yao. Miaka yote ile ya "leo umejisikiaje" sikuwahi kukisikia kikitoka kifuani namna ile. Nilisimama na mwiko mkononi, nikagundua kwamba sijui wanachekea nini, na kwamba sitajua. Nikatia nazi, wali ukaungua. Niliupika tena.

Siku ya tatu, Jumapili, walimtoa. Alikuwa ameogeshwa, amepakwa liwa ya kunukia, amevaa dera jipya aliloletewa na jirani. Akanipa mkono na shikamoo akiwa ameinamisha macho. Nikaitikia marahaba, nami nikatazama pembeni. Tukakaa wawili jikoni dakika nzima bila kusemezana, na ilikuwa kazi ngumu kuliko makala yoyote. Kisha akachukua kinu akaanza kutwanga vitunguu thomu.

Bibi alikuja mlangoni na mkongojo wake. Bodaboda ilikuwa inamngoja nje, mzigo wake umekwishafungwa, mzigo mmoja. Nilimtazama nyuma yake kuona kama kuna begi la shule. Hakukuwa na kitu.

"Kesho si shule?" aliniuliza.

"Ndiyo bibi, zinafunguliwa kesho."

"Sare za mtoto umefua?"

Nikakumbuka tenga la nguo chafu.

"Bado."

"Jua hilo linakwenda hivyo, bado?" Aligonga mkongojo sakafuni. "Siku tatu umeshinda unazunguka pazia kama paka na nguo za mtoto zimelala! Mama gani wewe?"

Nikaenda kuchukua beseni.